Mtenge na Wenzake

Rispah alipohamia Mombasa, wenzake wa ofisini Nairobi walimnunulia kofia ya jua. Walimpa na kadi, kila mmoja akaandika neno lake, na maneno yote yakawa neno moja: raha.

Kisiwa hicho kimezungukwa na maji pande zote, lakini chumba alichokodi Kibokoni hakikuyaona hata kwa upande mmoja. Dirisha lake lilitazama ukuta wa nyumba ya pili, karibu kiasi kwamba angeweza kuupaka rangi bila kushuka kitandani. Hakuwa amekanyaga ufuo tangu afike. Asubuhi alifungua kompyuta, akavaa hedifoni, akaanza kuzungumza na wafugaji wa Kangundo, Nyandarua na Trans Nzoia kuhusu mifugo yao. Jioni aliifunga. Kofia ya jua aliitumia kufunikia sahani, kwa sababu ya paka.

Kampuni yake iliitwa Malisho. Mfugaji hupiga simu, husema mnyama wake ana nini, na mtu kama Rispah, mwenye diploma ya afya ya mifugo, humwambia la kufanya hadi daktari afike, kama atafika. Kwa kuwa ng'ombe hapitishwi kwenye simu, haikujalisha mshauri ameketi wapi. Hoja hiyo Rispah alimpa msimamizi wake, Ken, na juu yake akaongeza barua ya hospitali. Alikuwa na pumu. Nairobi, Juni ikiingia, kifua chake kilifungwa kama duka la mtu aliyefilisika, na mwaka uliopita alilazwa hadi manesi wakamjua kwa jina. Kibokoni alilala chali usiku kucha kama watu wengine. Dawa yake ya kuvuta aliisahau mfukoni mwa suruali mpaka ikafuliwa. Hakutaka kitu kingine ila kubaki katika chumba hicho kisicho na mandhari.

Ken alikuwa mtu wa haki, ila Mombasa alikwenda mara moja tu, katika fungate yake, na tangu hapo hakuamini kwamba mtu anaweza kufanya kazi pale. Alizisikiliza simu za Rispah zilizorekodiwa, kisha akampigia.

"Rispah, nasikia vikombe vinagongana. Uko baa?"

"Ni muuza kahawa. Akipita mtaani huvigonga, watu wajue amefika."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Na hao wanaocheka ni nani?"

"Ni watu wanaokunywa kahawa."

"Saa za kazi," alisema Ken.

"Wana kazi zao, Ken. Wanapumzika."

"Ndiyo hiyo shida ninayoisema." Kisha akatoa uamuzi wake, bila hasira. Ijumaa asubuhi angekaa kwenye laini asikilize simu zikiingia moja kwa moja. Akiridhika kwamba Rispah yuko kazini, angemwacha huko huko. Asiporidhika, Jumatatu angemtaka ofisini. "Na usinitajie baridi," alisema. "Baridi ni ya kila mtu."

Mtu wa pili aliyekuwa akimsikiliza Rispah hakuhitaji laini.

Bi Mwanaesha, mwenye nyumba, aliishi chini. Binti yake Mahira na mume wake Abdulbasit walikaa orofa ya kati, na Rispah juu kabisa. Katikati ya nyumba, kama zilivyo nyumba nyingi za kale mtaani humo, palikuwa na ua uliokwenda wazi hadi juu, wa kuingiza mwanga na hewa. Uliingiza na maneno.

Na Bi Mwanaesha alikuwa somo. Mabibi harusi wa mtaa, na mama zao kabla yao, ni yeye aliyewafunda: namna ya kukaa na mume, kumlisha, kumtuliza, na mengine yasiyosemwa mlango ukiwa wazi. Alifunda kwa sauti ya chini, nusu yake kwa macho. Sasa juu ya kichwa chake palikuwa na msichana wa bara, asiye na pete, anayefunda kutwa kwa sauti ya mnada, wake kwa waume.

Kosa hili lilikuwa la ngeli. Kiswahili hakimwonei mnyama, kimemweka benchi moja na binadamu. Ng'ombe amelala, mume amelala. Ng'ombe amekataa kula, mume amekataa kula, na lugha haioni tofauti. Mfugaji anajua anachofuga, kwa hiyo Rispah hakuwa na haja ya kukitaja. Aliyoyasema mfugaji yaliishia ndani ya hedifoni. Yaliyoanguka uani yalikuwa kama haya:

"Ana umri gani? Basi huyo amezeeka, dada. Hata umlishe nini hataweza tena. Mwondoe, tafuta kijana."

"Mfunge miguu ndipo umguse. Akishazoea, utamfungua."

"Atakuwa hatulii, analialia, hataki kula. Hizo ndizo saa zake. Usizicheleweshe, zikipita ni hadi mwezi ujao."

Siku moja alisema waziwazi, "Huyo hana ugonjwa, mzee. Huyo ni ng'ombe mvivu tu." Bi Mwanaesha aliyekuwa akichambua mchele chini alitua ungo. Kumtukana mke wa mtu, na mwenyewe yuko kwenye simu anasikia.

Mahira hakukasirika. Mahira alisogeza kiti chake karibu na ua. Mume wake, muuza leso wa Biashara Street, alikuwa amekonda. Alichelewa kurudi, na akirudi hakuwa na hamu ya chakula wala mazungumzo. Jioni marafiki zake wa barazani walikuja, wakakaa naye kwenye sinia moja, wakamaliza, wakashukuru. Asubuhi moja sauti kutoka juu ikamjibu Mahira swali ambalo hakuwa amemuuliza mtu.

"Wenzake ndio wanaomnyang'anya chakula," ilisema sauti. "Jioni mtenge na wenzake. Mpe chumvi. Mpe molasi kila asubuhi. Maji yawe karibu naye wakati wote, na mtu asimpigie kelele anapokula."

Molasi Mahira hakuijua. Alipouliza sokoni Marikiti alipewa sukari guru, akaona ndiyo hiyo kwa jina la bara. Magharibi ikiingia alifunga mlango wa nje na kuwaambia wageni kwamba Abdulbasit amelala. Hakuwa amelala. Alikuwa ameketi mbele ya sahani yake peke yake, jagi la maji mkononi mwa mkewe, nyumba kimya. Mwezi haukuisha, Abdulbasit akajaa mashavu, ngozi ikang'aa, akaanza kurudi nyumbani bila kuitwa.

"Mama," Mahira alimwambia mama yake, "huyu msichana yuwajua."

Hilo ndilo lililompandisha Bi Mwanaesha ngazi, pamoja na magoti yake.

"Hodi."

"Karibu, Bi. Sabalkheri."

"Sabalkheri. Sikai," alisema Bi Mwanaesha, akakaa. Alikitazama chumba, akaitazama kompyuta, akarudi kwa Rispah. "Mwanangu, siku ulipokuja nilikuuliza kazi yako."

"Ndiyo, Bi. Nikakwambia nashauri watu kwa simu. Lishe na uzazi."

"Wewe umeolewa?"

"Bado."

"Umewahi kuolewa?"

"Bado, Bi."

"Na mambo haya umeyajulia wapi?"

"Chuoni. Nina diploma."

Bi Mwanaesha alishika mkono wa kiti. "Kuna chuo cha mambo haya."

"Vipo vingi. Sisi tulikuwa darasa kubwa, wavulana kwa wasichana."

"Pamoja?"

"Pamoja. Mwanzo ni nadharia, halafu ni vitendo."

"Vitendo," alisema Bi Mwanaesha.

"Bila vitendo hufaulu, Bi. Mwalimu anasimama pale pembeni, na wewe unaingiza mkono—"

"Basi. Yatosha, mwanangu. Yatosha."

Rispah alidhani mama huyo ana roho nyepesi, kama walivyo watu wengi wa mjini wasiowahi kumzalisha mnyama, akaona amhurumie. Akamimina maji kwenye gilasi, akampa. Bi Mwanaesha aliyanywa yote.

"Mimi sina neno nawe," alisema alipomaliza. "Wewe ni mtoto mpole, na ngazi wazifagia. Lakini nyumba hii yaja mabibi harusi. Waja kwangu. Hawawezi kuwa wanisikiza mimi chini na wewe juu. Mwezi ukisha, utafute chumba pengine."

Rispah alihisi kitu kikikaza kifuani, mahali pale pale panapokaza Juni. Chumba pengine kisiwani angekipata, huenda. Lakini Ken alikuwa ameshakataa kuamini kimoja, na mtu anayehamahama Mombasa mwezi wa tatu tangu afike angeonekana mtalii mzima.

"Bi, wewe umesikia vipande tu," alisema. "Ijumaa asubuhi msimamizi wangu atasikiliza simu nzima, aamue kama nibaki huku au nirudi Nairobi. Njoo nawe usikilize. Ukiona haifai, nitaondoka, na kinyongo sina."

"Nzima?"

"Nzima. Nitavua hedifoni niweke spika. Utasikia wao na utanisikia mimi."

Katika miaka yote ya usomo wake Bi Mwanaesha hakuwahi kupata nafasi ya kumsikiliza somo mwingine kazini. Alikubali kwa uso wa mtu aliyelazimishwa.

Ijumaa alifika mapema, buibui safi, tasbihi mkononi, akaketi ukingoni mwa kitanda kwa kuwa kiti kilikuwa kimoja. Kwenye kioo cha kompyuta kijitaa cha kijani kilionyesha kwamba Ken ameingia, sauti yake ameifunga.

"Huyo mkubwa wako mbona haji?" aliuliza Bi Mwanaesha.

"Yupo, Bi. Anasikiliza."

Bi Mwanaesha aliutazama mlango. Hakuona mtu, na kabla hajauliza tena simu iliita.

"Karibu Malisho. Unaongea na Rispah."

"Dada, mimi ni Musyoka, wa Kangundo. Nisaidie." Sauti ya mwanamume ilijaa chumbani, ikihema. "Ni Loise. Ameshikwa na uchungu tangu alfajiri na mpaka sasa hakuna kitu. Amechoka, amelala chini."

Tasbihi ilisimama.

"Ni uzazi wake wa ngapi?" Rispah aliuliza.

"Wa kwanza. Dada, huyu nimemlea mwenyewe. Mama yake alikufa akiwa mchanga, nikamnyonyesha kwa chupa."

"Yatima," alisema Bi Mwanaesha, akasogea.

"Chupa ya uzazi imepasuka?"

"Kitambo. Ukatoka mguu mmoja. Tangu hapo hakuna kingine."

"Ya Rabbi! Yuwaja kwa mguu!"

"Mguu si tatizo, Bi," alisema Rispah, macho kwenye kioo. "Tatizo ni kwamba ni mmoja."

Bi Mwanaesha alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyesema moto si tatizo. Kisha akamwacha, akaiinamia kompyuta, akasema nayo kwa sauti aliyowahifadhia mabwana harusi waliochelewa.

"Wewe baba! Mumewe yuko wapi?"

"Mume wa nani?"

"Wa huyu mtoto! Wa Loise!"

Musyoka alikuwa amezoea wataalamu na maswali yao, akajibu alichodhani kimeulizwa. "Ni wa jirani, mama. Jirani alimleta hapa asubuhi moja, wakamaliza, akarudi naye. Nikamlipa."

"Ukamlipa."

"Ndiyo kawaida huku, mama. Tatizo yule ni mkubwa kupita kiasi. Sasa naona kosa langu, ningetafuta mdogo."

"La haula wala quwwata," alisema Bi Mwanaesha. "Na wewe, mwanamume mzima, wafanya nini humo ndani na mtu yuwazaa? Hapana mwanamke hapo?"

"Yupo mke wangu. Yuko jikoni."

"Jikoni! Wapika nini saa hizi? Mwite! Mwite mkeo mara moja, na wewe utoke humo, huna haya!"

Simu ilishikwa vibaya, ikasikika ikisugua nguo. "Emmah!" alipaza sauti Musyoka. "Emmah, njoo! Kuna daktari mkubwa hapa, amekasirika!"

Hapo ndipo Rispah alipoelewa. Alielewa yote kwa pamoja, kuanzia siku ya kwanza: chuo, vitendo, mkono. Kijitaa cha Ken kilikuwa bado cha kijani. Neno moja tu lingemaliza habari yote na Bi Mwanaesha, lakini neno hilo lingezaa maswali, na maswali yangehitaji majibu, na Kangundo mnyama alikuwa anachoka. Aliweka mkono wake juu ya mkono wa mama huyo.

"Bi, niachie kidogo," alisema. Kisha, kwa simu: "Emmah, uko hapo? Mikono yako ni midogo kuliko ya mumeo?"

"Midogo sana," ilisema sauti ya mwanamke.

"Vizuri. Nawa kwa sabuni mpaka juu ya viwiko. Kisha jipake mafuta ya kupikia, mengi, usiyaonee huruma. Musyoka, wewe shika kichwa chake, mbembeleze asiinuke."

"Nimeshika. Nisitoke?"

"Usitoke."

Bi Mwanaesha alifumba macho, akaanza dua.

"Emmah, subiri aache kusukuma, ndipo uingize mkono. Fuata ule mguu uliotoka, mpaka ufike kwenye kichwa cha mtoto. Umefika?"

"Nimefika. Kichwa hiki hapa."

"Mguu wa pili umejikunja ukarudi nyuma, ndio unaomzuia. Sukuma kichwa ndani taratibu, upate nafasi. Halafu shuka, utafute goti."

"Anasukuma! Dada, ananibana mkono!"

"Usipigane naye. Mwache. Akipoa, endelea."

Kwenye spika kulisikika kuhema kwa watu wawili na kitu cha tatu kilichohema zaidi yao.

"Goti nimelipata," alisema Emmah. "Nateremka nalo. Nateremka. Hii hapa, nimeishika kwato."

Midomo ya Bi Mwanaesha ilisimama katikati ya dua. "Kwato," alisema.

"Ifunike kwa kiganja isimkwaruze ndani," alisema Rispah. "Sasa ilete mbele, polepole."

"Kwato," alisema Bi Mwanaesha tena, kwa sauti ya chini zaidi.

"Imekuja! Ziko mbili! Na pua naiona!"

Bi Mwanaesha aliutazama ukuta nje ya dirisha. Aliutazama kwa muda. Kisha akaendelea na dua pale pale alipokuwa ameikatia, bila kuirudia mwanzo.

"Sasa wote wawili," alisema Rispah. "Mvute yeye anaposukuma tu. Akipumzika, pumzikeni. Vuteni kuelekea chini, huko miguuni mwake, msivute kama kamba ya kisima. Haya."

Zikafuata kelele zisizo na maneno. Kisha mshindo wa kitu kizito kilichoanguka juu ya nyasi, kisha sauti ya Musyoka, imebadilika.

"Ametoka. Dada, hapumui."

"Mfute pua na mdomo. Chukua unyasi umtekenye ndani ya pua. Emmah, msugue mbavu kwa gunia, kwa nguvu, kama unayefua blanketi. Msiache."

Rispah alikuwa amesimama bila kujua. Bi Mwanaesha naye alikuwa amesimama. Gunia lilisikika likienda na kurudi, Kangundo.

"Amepiga chafya," alisema Emmah.

"Msiache."

"Amepiga tena. Anatikisa kichwa."

"Ni jike!" Musyoka alikuwa akicheka au akilia, simu haikuonyesha. "Dada, ni jike! Na Loise amesimama, anamlamba. Mwambie yule daktari mkubwa asante, alivyonifokea ndipo nikapata akili."

"Alhamdulillahi," alisema Bi Mwanaesha, na aliimaanisha.

Simu ilipokatika, wanawake hao wawili walikaa, mmoja kitini, mmoja kitandani.

"Ng'ombe," alisema Bi Mwanaesha.

"Ng'ombe, Bi."

"Tangu ulipokuja."

"Na kuku. Mbuzi kidogo."

"Yule mzee asiyejiweza, uliyesema aondolewe?"

"Fahali. Wa Kitale."

"Na chuo?"

"Cha mifugo."

Bi Mwanaesha alivuta shanga moja ya tasbihi, akavuta ya pili. "Na yule wa kutengwa na wenzake. Wa chumvi na molasi."

"Huyo wa maziwa," alisema Rispah. "Alikuwa amedhoofu, lakini sasa wanasema anaendelea vizuri."

"Naam, yuwaendelea." Bi Mwanaesha alifikiri kuhusu orofa ya kati. "Mahira asijue," alisema hatimaye. "Kijana ameshanenepa."

"Asijue nini, Bi?"

"Asijue. Basi."

"Rispah," ilisema kompyuta.

Bi Mwanaesha alivuta buibui kichwani kwa mikono miwili. "Nani huyo?"

"Ni Ken, Bi. Msimamizi wangu."

"Yuko wapi?"

"Nairobi, mama," alisema Ken. "Nilikuwa nasikiliza tu."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Umo chumbani mwa wanawake tangu mwanzo, hukupiga hodi, hukutoa salamu, mtu yuwazaa nawe umenyamaza kimya?"

"Ni ng'ombe, mama."

"Kwa hivyo wewe ulijua," alisema Bi Mwanaesha. "Ulijua ni ng'ombe, ukaniacha nimuulize mwenye ng'ombe mume."

"Samahani, mama," alisema Ken.

"Sabalkheri husemi?"

"Sabalkheri, mama."

"Sabalkheri. Hujambo?"

"Sijambo."

"Mama watoto hajambo?"

"Hajambo, mama."

"Na watoto?"

"Hawajambo."

"Wazee wako wote wahai?"

"Baba yupo. Mama alifariki."

"Mungu amrehemu. Lini?"

Ken, aliyekuwa na watu kumi na wanne wa kuwasimamia na kikao kilichokuwa kimeshaanza, alieleza lini, na ugonjwa gani, na alizikwa wapi. Aliulizwa kama kaburi linafagiwa. Akasema mwaka huu hajafika. Akaambiwa afike. Akasema atafika.

"Haya," alisema Bi Mwanaesha. "Sema lililokuleta."

"Nilitaka kuzungumza na Rispah, mama. Kama utaruhusu."

"Zungumza naye. Mimi niko hapa."

Ken alikohoa. "Rispah. Huyo mama ni wa hapo?"

"Ndiye mwenye nyumba. Anakaa chini."

"Na husikia?"

"Kila kitu, Ken. Nikifungua soda anasikia."

"Kwa hiyo hata ukitaka kutoka uende ufuoni saa za kazi..."

"Yuwenda wapi?" aliuliza Bi Mwanaesha.

"Haendi popote, mama," Ken alisema upesi. Ikasikika akiandika kitu, akafuta, akaandika tena. "Rispah, kaa huko huko. Mimi nilidhani uko raha. Raha hiyo simtakii mtu." Aliaga, akaambiwa awasalimie nyumbani, akaaga tena, na kijitaa cha kijani kikazimika.

Rispah alivuta pumzi hadi mwisho wake, ikaingia yote. Lakini ilikuwa nusu tu ya habari.

"Na mimi, Bi?" aliuliza. "Ulisema mwezi ukisha."

Bi Mwanaesha alikuwa ameshasimama, akitengeneza buibui, mkono mmoja ukikanda goti kabla ya ngazi. Hakupenda kuonekana amebadili neno, kwa hiyo alilibadili akiangalia mlango.

"Utakaa," alisema. "Lakini nyumbani mwangu hutosema 'yeye' kabla hujataja ni nani. Umtaje kwanza, kwa sauti, kila simu. Wale wasichana wanaonijia huko chini wana masikio. Sitaki niwape waume, kisha waende wakawafunge miguu."

"Nitamtaja, Bi."

"Kwa sauti."

"Kwa sauti."

Simu iliita. Rispah alivaa hedifoni, akamtazama Bi Mwanaesha aliyekuwa ameshika kizingiti, hatoki wala harudi.

"Karibu Malisho. Unaongea na Rispah."

"Dada, wangu wamelala tu tangu jana," ilisema sauti ya mwanamke, mbali. "Wote. Hawataki kula, macho wameyafumba, na huyu mkubwa anaharisha."

Rispah aliinua sauti hadi ikajaa ua, ikateremka orofa zote. "Sawa, dada. Hao ng'ombe wako, hao ng'ombe, wana umri gani?"

"Ng'ombe gani?" alisema mwanamke. "Mimi nafuga kuku."

"Ni kuku?"

Bi Mwanaesha alikuwa ameshaanza kushuka, ngazi moja moja, mkono ukutani.

"Basi sema kuku!" alisema.